Nani Mwenzangu

Beji ya kwanza waliniandikia jina langu kamili: MGENI.
Meneja akacheka. Itatuchanganya, akasema,
mgeni hawezi kuwatandikia wageni.
Siku ya pili nikaikuta nyingine mezani: JENI.
Pini yake huingia sare palepale kila alfajiri,
tundu limeshakuwa kubwa, lapita kidole.

Mama aliniita hivyo kwa kuwa nilizaliwa
siku nyumba imejaa watu wa harusi, kule Wingwi,
na hapakuwa na pa kumlaza mzazi.

Sasa niko Kiwengwa, msimu umepamba moto.
Vyumba kumi na sita kabla ya saa nane.
Shuka, foronya, na taulo mbili za kukunja shingo
ziwe bata wanaobusiana juu ya kitanda.
Nimekunja bata wangapi, sijui.
Usiku navuta shuka yangu mwenyewe
na vidole vinatafuta shingo.

Kutwa nasema Jambo.
Ukumbini, Jambo. Ngazini, ndoo mkononi, Jambo.
Kwetu neno hili halisemwi hivyo.
Kwetu lina hu, ndipo wewe unapoulizwa;
lina si, ndipo mimi ninapojibu.
Hapa wamelimenya,
hu imetupwa, si imetupwa,
limebaki jambo tupu:
wewe humo ndani yake,
wala mimi simo.

Tabasamu limo kwenye mkataba, kifungu cha saba.
Ikifika magharibi mashavu yaniuma
kama niliyetafuna muwa mchana kutwa.

Siwachukii. Bibi mmoja wa chumba mia na kumi na nane
aliniuliza kwa mikono: umechoka?
Nikamjibu lile jibu tulilofundishwa.
Nikaingia bafuni kwake, nikafungua bomba,
nikakaa ukingoni mwa beseni dakika tano.
Sikulia.
Kisha nikausugua ukingo ule, pale nilipokaa.

Chumba chetu kiko nyuma ya mashine za kufulia.
Vitanda sita, zamu tatu.
Aliye juu yangu nakijua kikohozi chake,
naijua sabuni yake ya mwarobaini,
kwao sikujui.
Nikiingia mimi, yeye anafunga viatu.
Twapishana mlangoni kama akrabu za saa,
mmoja kafika, mmoja kaondoka,
na wakati wote ni kazi.

Masika yakikaribia watatupunguza.
Hakuna anayelisema, ila kila mtu anahesabu,
na siku hizi hata wali na maharage
twala tumepeana migongo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.
Mgeni ni mimi. Mwenyeji ni mimi.
Mgongo huu haujapona.

Jana, saa sita kasoro ya usiku, nikampigia mama.
Mtandao wa Wingwi waja na kwenda.
Akapokea,
na kabla sijajua mdomo unafanya nini
ukasema: Jambo!
kwa sauti ileile, ya juu, yenye meno.

Kimya.
Nikasikia kitanda cha kamba kinalia, mtu kageuka.
Kisha mama, kwa ile adabu
anayowawekea watu asiowajua:
Nani mwenzangu?

Nikalitafuta jina. Likaja la beji kwanza,
nikalimeza.

Nani mwenzangu? akarudia.

Nyuma ya ukuta mashine ya kukaushia
ilikuwa ikizungusha kifungo cha mtu,
kimeng'oka, chagonga bati, chagonga,
na mimi nimeshika simu
nakisikiliza.